Nilivyomsema Zuhura Darasani

Jumanne, jioni

Basi na mimi nikishaona simu inanielekea, mdomo unafunguka wenyewe. Binti yangu Mwasiti anasoma chuo akiwa hapa hapa nyumbani Mtendeni, mwalimu wao anafundishia kwenye grupu la simu. Hakuna ubao wala dawati. Safari hii kawaambia kila mmoja amrekodi mtu anayeijua kazi yake, video irushwe kwenye grupu, darasa zima lijifunze.

Mwasiti akanichagua mimi na michembe yangu, viazi vitamu vikavu ninavyouza. Nilivyofurahi! Mimi niliyeishia darasa la nne, leo nafundisha chuo. Nikaeleza jinsi viazi vinavyomenywa, vinavyokatwa, vinavyoanikwa.

Sasa si nikanogewa. Nikasema, "Mkinunua, angalieni isiwe kama ya jirani yangu Zuhura, anachanganya ya mwaka jana na mipya."

Mwasiti karusha hivyo hivyo, hakuisikiliza mpaka mwisho. Leo mchana ndiyo ananiambia, "Mama, mpwa wake Zuhura tunasoma naye."

Nikaruka, "Ifute!"

"Wameshaisambaza, mama. Halafu mwalimu kakusifia."

Sifa nitakula? Zuhura ndiye aliyenifundisha michembe nilipokuja kutoka Kigwa sina hata ungo. Tangu mchana nakaa, nasimama. Uwanja nimeufagia mara tatu. Labda mpwa hajaiona. Labda kaiona akacheka tu, maana kwani nimesema uongo? Ah, ona, naanza tena...

Kuna mtu mlangoni.

"Hodi! Mama Mwasiti, upo?"

Ni Zuhura. Miaka yote huyu anaingia bila hodi.

"Nipo, shoga yangu, nakuja!"