Ile Ndengu Moja Iliyobaki

Kwako Mutheu mwanangu,

Sijui kama huko uliko umekula. Hilo ndilo la kwanza kukuuliza, hata leo nikiwa na uchungu na wewe.

Jumapili baada ya kanisa, binamu yako Ndunge alituonyesha kwa simu ukiongea mbele ya watu, kwa Kizungu, yeye akitutafsiria. Ulikuwa unawaeleza ile namba, elfu mbili mia tano ishirini na moja. Nikawaambia wamama wa kikundi, "Hiyo naijua." Halafu ukasema uliigundua peke yako, maana kwenu hakukuwa na mtu wa kuhesabu naye.

Mama mmoja akanigeukia. "Kumbe ndio maana kuku wako hupotea? Kesho tutakuja tukuhesabie." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Ningefanya nini?

Peke yako, Mutheu? Ulikuwa darasa la saba. Mimi niliishia la pili, lakini ni mimi niliyekutolea ndengu za mbegu, tukazimwaga kwa mkeka nje ya jikoni. Siku mbili nzima. Tulizipanga mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, ikabaki moja. Nne, tano, mpaka kumi, kila mara inabaki moja tu. Na mimi nafukuza kuku, kwa sababu wakidonoa hata moja tunaanza upya. Ukaniita mama kwa lugha yetu, "Mwaitu, toa hiyo moja uone." Nikaitoa. Zingine zote zikakubali, mbili mpaka kumi, hakuna iliyoachwa nje. Ukasema ukiirudisha, hiyo namba haigawanyiki kwa fungu lolote, hata mtu apange mpaka azeeke.

Nilipanga. Ulipoenda ng'ambo nilizimwaga tena, nikiwa peke yangu. Kwa kumi na moja, zikabaki mbili. Kwa kumi na mbili, ikabaki moja tena, na hiyo hukuwa umeniambia. Kwa kumi na tatu zikabaki kumi na mbili, nikadhani nimekosea, nikarudia. Nikakupigia nikuambie. Ukasema, "Mum, niko kwa mkutano, nitakupigia." Tumepanda na kuvuna mara mbili tangu hiyo siku.

Sasa nasikia Disemba unaleta wageni waone ulikozaliwa. Njooni. Nitapika, na choo nitakuwa nimekipaka chokaa. Lakini utapata mkeka nje na ndengu juu yake, elfu mbili mia tano na ishirini, nimezihesabu mwenyewe. Wapangie wageni wako vile unataka, zitakubali. Ile moja nimeifunga kwa pembe ya leso yangu. Wakikuuliza iko wapi, waambie ni nani anayo. Usipowaambia, sitaifungua.

Na ule vizuri. Kwa hiyo simu ulionekana umekonda.

Mimi wa kufukuza kuku,
mama yako.