Kialama cha Jina la Babu Yako

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Tabata sote wazima, ila nyumba imepoa tangu babu yako atutoke. Unasema programu yenu ya kazini inaonyesha kiboksi mahali pa kile kialama cha ng' kwenye majina kama lake, Ching'ole, na bosi wako anataka mkifute tu. Unauliza kama kuna atakayejali.

Kadi zetu za harusi zilichapwa bila hicho kialama. Mchapaji akasema, "Kwani kina kazi gani, ndugu?"

Babu yako akamjibu, "Ukiniita Chingole, kwa 'ngo' ya ngoma, sigeuki. Utakuwa umemwalika bwana harusi mwingine." Akakaa barazani kwetu Keko akikitia kwa kalamu, kadi moja moja.

Mie ningejali, Rehema. Siku hizi wanaolitaja jina lake ni wachache. Wakilitaja, nataka liwe lake.

Bibi yako