Moshi wa Bluu Mteremkoni

Mjukuu wangu Elia, marahaba. Huku Meru tu wazima, na bibi yako bado ananisema.

Unaogopa umeiua pikipiki ya bosi wako, ile ya magurudumu manne, kwa kuwa inafuka moshi wa bluu tangu uiongeze oili. Ujanani nilipima oili ya pikipiki ya mchungaji wa kanisa letu ikiwa mteremkoni. Kijiti cha kupimia kikaonyesha imepungua, nikajaza. Kuiwasha tu, ikafuka moshi wa bluu! Nikajificha migombani, nikijua nimeiua. Mchungaji akaja.

"Toka huko, mwizi wa ndizi! Isukume hadi tambarare, upime tena."

Oili ilikuwa imezidi; mteremko ndio uliokidanganya kijiti. Tukaipunguza, moshi ukaisha taratibu.

Wewe ulipimia wapi? Pimia tambarare kwanza, na ukikuta imezidi, ipunguze. Ikiendelea kufuka, njoo. Migomba bado ipo.

Babu yako