Klima Iliyonuka Ndagala

Walikale, Jumatatu jioni. Jua limeinama lakini joto limebaki chini ya mabati, halina haraka. Mimi ni mtu wa Bihambwe, kule milimani, ambako asubuhi maziwa hutoa mvuke kwenye kikombe na wazee huota moto. Huku bondeni mwili wangu haujui ufanye nini. Leo hata akili haijui.

Leo nilipaswa kupanda ndege. Sikupanda.

Nadhani ni mimi niliyejizuia, ingawa sikugusa kitu.

Daktari wa hapa amesema tumboni mwangu kuna uvimbe ambao yeye hawezi kuukata. Kisangani labda wataweza. Neno hilo "labda" alilisema akitazama dirishani, lakini binti yangu Faida alilidaka kwa mikono miwili. Mume wake, Kasereka, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, akanitafutia nafasi katika ndege ndogo, moja ya zile zinazotua juu ya kipande cha barabara ya lami.

Tangu vita vifunge barabara za kuja huku, mafuta hayapatikani. Kasereka ana gari dogo la umeme, analichaji kwa pano za jua zilizo juu ya depo yake, ghala la bidhaa. Watu wanaliita Bubu kwa sababu halingurumi. Na Kasereka, kama wenzake wote wa biashara ya kule kwao, hawezi kuvumilia gari kutembea tupu. Jana alifungua kapo, kile kifuniko cha mbele, asione injini aliyoizoea. Aliona nafasi.

"Faida, kuja uone! Benye kutengeneza hii gari balisahau depo nzima huku mbele!"

Akaijaza mifuko ya ndagala wakavu, samaki wadogo wa ziwani, wa kuuza huko ndege zinakotua. Alishindilia mpaka matundu ya mbele, yale yanayovuta hewa, yakazibwa yote.

Nilikuwa nimekaa mlangoni. Niliona kila mfuko ukiingia.

Asubuhi tuliondoka, Kasereka kwenye usukani, mimi nyuma na blanketi langu la sufu, kichwa mapajani mwa Faida. Vioo vilifungwa kwa ajili ya vumbi, na pia kwa sababu Kasereka anajivunia klima yake, ile mashine ya kupoza hewa. Mwanzoni ilipuliza ubaridi mtamu. Nilifumba macho nikawa Bihambwe, alfajiri, ng'ombe wakikamuliwa. Kisha hewa ikawa vuguvugu. Kisha ikawa ya moto, na ikaleta harufu.

"Papa, hii klima yako inapika ndagala," Faida alimwambia mumewe.

"Ni jua njo inaishinda. Haijazoea Walikale."

Kwenye skrini ikatokea picha ya kobe. Kasereka akaigonga kwa kidole. "Na huyu naye anatafuta nini mu gari yangu?" Baada ya hapo Bubu alitembea kikobe kweli. Wanawake wenye mizigo ya mihogo walitupita kwa miguu, na mmoja akaita: "Papa, tukubebee iyo gari?"

Nilifundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba baridi haitengenezwi: mashine huchukua joto la ndani na kulitupa nje. Ukiziba pale linapotupwa, litabaki nawe. Klima ile ilikuwa inahangaika bure, inakunywa batri, na batri yenyewe inaungua kwa kukosa pumzi, ndiyo maana gari lilijipunguzia mwendo. Maneno mawili yangetosha: toeni mifuko.

Niliyameza.

Najua mtakavyonitetea, ninyi niliowafundisha mnaosoma ukurasa wangu huu. Mtasema kwetu mama mkwe hamkosoi mkwe wake, tena kwa kazi ya mikono yake. Ni kweli. Mimi na Kasereka hata macho hatuyakutanishi, maneno yetu hupitia kwa Faida. Lakini Faida alikuwa palepale, akinipepea kwa kitambaa chake cha kichwa. Ningeweza kumnong'oneza. Matone yalinidondokea kwenye paji la uso, nikadhani ni jasho lake. Nilipofumbua macho niliona analia.

Tulikuwa bado njiani ndege ilipopita juu ya miti, ikienda.

Kasereka alisimamisha gari. Alivua kofia, akageukia upande wa msitu. "Faida, umwambie Mama anisamehe. Jua imetushinda."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilimsamehe mtu kosa ambalo nusu yake ni langu. Ndilo ninaloungama hapa, kwa kuwa sitaki kuzikwa nalo.

Lakini kwa nini? Nimejiuliza tangu turudi. Ule ubaridi wa mwanzo ulinipeleka kwenye kaburi la mume wangu, kule Bihambwe. Nikifia hapa, siku njia itakapofunguka watanipandisha nilale kando yake. Kutoka Kisangani nani atarudisha maiti ya kizee? Hilo ni jibu. Jibu jingine ni kwamba naogopa kisu. La tatu linanichanganya zaidi: ndege ilipopita juu yetu, moyo wangu uliruka kuifuata.

Mtu anaweza kuziba njia kwa kimya chake, kisha akalia kwamba imefungwa?

Inasemekana ndege nyingine itakuja keshokutwa. Ndagala bado wamo.

Faida husoma ukurasa huu kila asubuhi kabla ya kuwasha makaa, anirekebishie herufi. Basi, mwanangu, umwambie mume wako atoe mifuko. Hiyo ni fizikia, na nina uhakika nayo. Kuhusu kupanda au kubaki, sina uhakika na chochote. Acha makaa, njoo ukae kitandani, uniulize. Hujawahi kuniuliza, nami nilijificha katika kutoulizwa huko pia.

Mtandao umerudi. Natuma kabla sijaogopa tena.