Mpangaji wa Ala Nyekundu

Mama Wanja wangu,

Leo asubuhi alikuja Abdi, yule mfanyabiashara wa mbuzi na vitu vya kale kutoka Nanyuki, uliyekuwa ukimpa chai ya tangawizi huku ukimkatalia bei za picha zake. Safari hii hakuleta picha. Alileta simi ya kale, ule upanga mfupi wa makali mawili, ndani ya gunia, na macho yake yakaenda moja kwa moja ukutani, kwenye ala yako ya ngozi.

Kule Bonde la Ufa, tulikoishi zamani, ukuta mmoja ulikuwa wako na mwingine wangu. Wako ulikuwa wa picha; wangu wa mikuki, ngao na simi, nilizozipaka mafuta ya nyonyo kila Jumamosi nawe ukinidhihaki, "Wazipaka kuliko unavyojipaka mwenyewe." Wageni walidhani tunashindana. Hawakujua kwamba picha ya kwanza niliichagua mimi, na mkuki wa kwanza uliuona wewe, kwenye banda la kuku la mtu, ukishikilia mabati.

Kisha ikaja wiki ile majirani walipoanza kuchomeana nyumba. Nilikuwa nikizifunga simi zangu kwenye blanketi ili tuondoke nazo. Ukasimama mlangoni.

"Baba Wanja, wakitusimamisha njiani, utawaambia hizo ni sanaa?"

Nikalifungua blanketi. Tulizitumbukiza chooni moja moja, umenishika mkono kama tuko mazishini. Tukabeba picha.

Kwenye kizuizi cha barabarani, kijana mwenye panga alikunjua picha moja, akakuta jogoo aliyechorwa.

"Na huyu mnampeleka wapi?"

"Nyumbani kwetu Nyeri, mwanangu. Huyu hali mahindi, hatatusumbua."

Alicheka, tukapita. Mpaka leo sijui kama tuliokolewa na jogoo au na sauti yako, ambayo haikutetemeka.

Nyumbani kwetu! Tulipanga chumba kimoja Giakanja, jogoo akatundikwa juu ya jiko. Mimi sikutaka tena kuona chuma chenye makali. Hata mkate uliukata wewe. Ndipo siku moja ukarudi kutoka soko la Gakindu, viazi mkono mmoja, na mkono mwingine ala ya simi, ya ngozi nyekundu iliyofifia. Tupu.

"Nimekununulia nyumba," ukasema. "Mwenyewe atakuja siku yake."

"Na asipokuja?"

Ukachukua mwiko wa ugali, ukautia mpini ndani, ukaitundika ala. "Basi huyu awe mpangaji. Si hata sisi ni wapangaji?"

Siku hiyo nilicheka, mara ya kwanza tangu tufike. Kila jioni uliuchomoa mwiko kwa madaha ya shujaa, ukasonga ugali, ukauosha, ukaurudisha. Tulipojenga hapa Tetu, msumari wa kwanza ukutani ulikuwa wa mpangaji.

Tangu tulipokuzika, wakati wa masika yaliyopita, sijaugusa. Binti yetu akija hunipikia kwa mwiko mwingine, wala haulizi.

Basi leo asubuhi Abdi aliuchomoa mwiko, akauweka mezani, akaingiza simi. Iliingia hadi mwisho bila kukwaruza.

"Mzee, umeona? Hii ala ilikuwa inangojea hii simi! Mama angefurahi sana."

Ni kweli, ungefurahi. Nami niliitaka, miaka yote hii sikujua kwamba naweza kutaka simi tena. Vidole vyangu vilishakumbuka mafuta ya nyonyo. Kisha nikautazama mwiko, umelala ubavu kando ya vikombe kama vyombo vya mtu aliyetolewa nje.

"Abdi," nikamwambia, "hii nyumba iko na mtu."

"Mtu gani, Mzee? Si ni mwiko tu?"

Nikamrudishia simi yake, nikamwongezea chai. Alipoondoka alikuwa bado akitikisa kichwa.

Mpangaji wako amerudi mahali pake, kichwa nje, akitazamana na jogoo. Jioni hii nitamchomoa mwenyewe, kwa madaha nitakayoyaweza kwa mabega haya, nisonge ugali. Utakuwa na madonge. Nitaula wote.

Pumzika, mama, usiwe na wasiwasi na nyumba.

Ni mimi, mpangaji mwenzako,
Baba Wanja