Macho ya Kocha Mwanaisha

Kilifi, Jumanne

Nakusihi, yeyote utakayelifungua daftari hili, usimtolee mtu hata neno moja.

Leo bwawani mtoto alizama upande wa mbali. Kocha Mwanaisha alikuwa ameelekeza uso huko huko, akawa anapiga makofi tu: "Vuta mkono, we! Usinilalie!" Watoto wenziwe ndio waliomtoa majini. Yu hai, alhamdulillahi.

Mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kuiwakilisha Kenya katika kuogelea, leo kocha wa taifa, haoni! Na mimi karani wake, mwaka mzima namsomea saa ya kupimia muda, nikidhani ananifunza kazi.

Baadaye alinishika mkono.

"Umeona, mwanangu?"

"Nimeona, mama."

"Andika mtoto alibanwa na misuli. Nikitolewa hapa bwawani, nitakuwa nani mimi?"

Ripoti ya ajali iko mbele yangu, bado haina neno. Nampenda kama mamangu mzazi, lakini watoto wale...

Ukinihitaji, usipige simu ya ofisi. Kocha huipokea mwenyewe. Njoo kwenye lango la bwawa saa kumi na mbili asubuhi, kabla watoto hawajafika. Ufunguo ninao mimi, na watoto sitawafungulia bwawa.