Maharage ya kuchambua

Jumatano usiku

Bado naona aibu kwa lile swali langu. Mkuu wa shule alitaka tujue wanafunzi wanajisikiaje, nami nikawaita ofisini mmoja mmoja. "Una raha hapa shuleni?" Kila mtoto aliangalia sakafu akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Mbele ya mkubwa wangesema nini kingine? Mkuu akafurahi: "Basi wote wako sawa." Nilikereka!

Mchana nikakaa jikoni na wasichana wa darasa la sita, tukichambua maharage ya kesho. Macho yetu yote yalikuwa kwenye ungo. Ndipo Naserian, aliyehamia kwetu kutoka Terrat, kule Umasaini, akasema bila kuinua kichwa, "Mimi mapumziko huwa najificha chooni. Wananicheka ninavyoongea."

Niliendelea kuchambua, nikiogopa kuharibu. Upendo, ambaye ndiye huanzisha vicheko darasani, akaacha kuchambua. Halafu akasema polepole, "Kesho kaa na sisi."

Sijui kama atakumbuka. Lakini tulipoinuka Naserian aliuliza, "Mwalimu, kesho tunachambua tena?"

Nikasema ndiyo. Stoo haina maharage mengine, kwa hiyo asubuhi napitia sokoni kwanza.